Uzi: Mistari myembamba kati ya vigae kamera ikisonga, simu moja safi nyingine imejaa mishono

#1 kijana_wa_ngara

Wadau, naomba macho yenu hapa. Mchezo ni wa matatu, kamera inatazama kutoka juu. Vigae ni pikseli 16 kwa 16, ramani ni seli 401 kwa 240, imechorwa kwa Tiled (programu ya kuchora ramani za vigae): lami, nyasi, udongo mwekundu, mitaro, raundabauti. Injini nimejiandikia, C na OpenGL ES 3.0 (maktaba ya kuchora kwa GPU, chipu ya picha ya simu). Mwonekano wa msingi ni 400 kwa 180.

Kwenye kioo cha 1600 kwa 720 kila kitu kiko sawa. Kwenye simu ya bei nafuu ya 1280 kwa 720 kuna mistari myembamba kati ya vigae. Inametameta kamera ikienda polepole, ikisimama mingine inapotea na mingine inabaki. Vigae vyote viko kwenye picha moja (atlasi) ya 1024 kwa 1024, vimebanana bila nafasi. Kichujio ni GL_LINEAR (kinachanganya pikseli jirani), maana GL_NEAREST (inachukua iliyo karibu tu) inakatakata herufi za mabango. MSAA 4x (kulainisha kingo) imewashwa. Kila kigae kinachorwa kwa pembe zake nne.

Nimeambiwa niongeze ukubwa wa kila kigae kwa 0.01 ili vipandane. Ni dawa au ni kufunika jipu?

#2 mwanaGL

Ni kufunika jipu. Ukipandanisha vigae vyenye uwazi, kwa mfano vivuli, utapata mstari mweusi pale vinapolaliana. Umebadilisha rangi ya mshono tu.

Kabla ya kugusa kitu, pima. Rangi ya glClear (ya kufutia kioo) iwe zambarau kali. Kwenye nakala ya atlasi, acha pikseli 2 kuzunguka kila kigae na uzipake kijani kibichi. Endesha kamera polepole kwenye hiyo simu.

Mstari ukiwa wa kijani, sheda (programu ndogo inayopaka kila pikseli) inasoma tekscha (picha iliyo kwenye GPU) nje ya kigae. Ukiwa wa zambarau, kuna pengo la kweli kati ya pembe. Hilo hutokea ukikokotoa ukingo wa kulia wa kigae kimoja kwa `x + upana` na ukingo wa kushoto wa jirani kwa `(i + 1) * upana`: desimali mbili ambazo zingelingana zinatofautiana kidogo mwishoni. Zikitoka kwenye hesabu moja, kanuni ya GPU ya kujaza pembetatu haiachi pengo.

Na zima MSAA. Ikiwashwa, pembetatu inaweza kugusa sehemu ya pikseli huku kitovu cha pikseli kikiwa nje yake. Thamani ya UV (mahali pa kusoma kwenye tekscha) inakokotolewa pale kitovuni, yaani nje ya kigae. Kwa mchezo wa vigae MSAA haikupi chochote, vigae vyako havina kingo za mshazari.

#3 bibi_atlasi

Nabashiri kijani, hata kabla hajapima. Linear inachanganya pikseli nne za jirani. Ukisoma karibu na ukingo wa kigae cha lami kuliko nusu ya pikseli, hadi nusu ya mchanganyiko inatoka kwa kigae cha pili kwenye atlasi, na kama huyo jirani ni nyasi, lami inapata uzi wa kijani.

Dawa ya kawaida ni kurefusha kingo: kila kigae kizungushiwe pikseli zilizonakiliwa kutoka ukingo wake mwenyewe, pembe nne pia. Watu wengi huacha nafasi tupu yenye uwazi wakidhani ni kitu kilekile. Sivyo, nafasi tupu inaingiza uwazi kwenye mchanganyiko na mshono unabaki palepale, safari hii unaonyesha kilicho nyuma.

Kwa urefusho wa pikseli 1, hatua ya kigae ni 18. Kwenye 1024 vinaingia 56 kwa 56, yaani vigae 3,136 badala ya 4,096. Ndani ya Tiled weka ukingo wa nje 1 na nafasi ya kati 2. Ukisahau ukingo wa nje, safu yote itasogea pikseli moja na utadhani mchoraji ndiye amekosea.

Ukitumia mipmapu (nakala za tekscha zilizopunguzwa ngazi kwa ngazi), pikseli 1 haitoshi, kwa sababu kila ngazi inakata picha kwa nusu na urefusho unakatwa nao. Ngazi 1 inahitaji 2, ngazi ya 2 inahitaji 4, ngazi ya 3 inahitaji 8. Kwa kigae cha 16, ngazi ya 3 inakula zaidi ya kigae chenyewe. Ama ufunge ngazi kwa GL_TEXTURE_MAX_LEVEL, ama uachane na atlasi.

#4 sheda_ya_jioni

Kuna na njia ya kuvuta UV ndani kwa nusu pikseli kila upande. Inafanya kazi bila kugusa picha.

#5 bibi_atlasi

Inafanya kazi kwa gharama, kaka. Unanyoosha pikseli 15 zijaze nafasi ya 16, kwa hiyo pikseli za ukingoni zinatoka nyembamba kuliko za katikati. Kwenye nyasi hakuna atakayegundua. Kwenye mistari myeupe ya barabara na ukingo wa kando utaona vitu havilingani kigae kwa kigae.

#6 kijana_wa_ngara

Kijani. MSAA nimezima, mistari imepungua ila bado ipo.

Kitu kimoja sielewi: mbona 1600 kwa 720 haina shida, na atlasi ni ileile?

#7 mwanaGL

Gawanya. 1600 kwa 400 ni 4 kamili, 720 kwa 180 ni 4 kamili. Kigae kinachukua pikseli 64 za kioo, kingo zinaangukia kwenye pikseli nzima. Kwenye ile nyingine, 1280 kwa 400 ni 3.2. Kigae kinachukua 51.2, kwa hiyo kingo nyingi zinaangukia katikati ya pikseli, na hesabu ikiyumba kidogo tu unaingia kwa jirani. Hata hiyo simu safi ingekuonyesha mishono kamera ikisimama kwenye sehemu ya pikseli. Nahisi unaifanya nafasi ya kamera kuwa namba nzima mahali fulani.

Ukitaka ukubwa wa namba kamili kila mahali: k = floor(min(1280/400, 720/180)) = 3. Chora dunia kwenye bafa (picha ya pembeni kwenye GPU) ya 427 kwa 240, kisha ikuze mara 3 kwa GL_NEAREST. Mchezaji wa simu hii anaona eneo kubwa kidogo kuliko wa ile nyingine, ni sawa. Usimwekee fremu nyeusi ya pikseli 90 juu na chini kwa sababu ya usafi wa hesabu.

Nafasi ya kamera uifanye namba nzima kwa floor(), si kwa kugeuza kuwa int. Int inakata kuelekea sifuri. Ukivuka kwenda upande wa namba hasi, kamera inasimama kwa pikseli mbili badala ya moja, na mchezaji anahisi mkwaruzo.

#8 sheda_ya_jioni

Bafa ndogo itamharibia herufi za mabango alizozitaja. Zitakuwa na pikseli kubwa kama lami.

Pendekezo langu ni kuacha atlasi kabisa. ES 3.0 ina tekscha za safu: kila kigae ni picha yake, CLAMP_TO_EDGE inafanya kazi kigae kwa kigae, hakuna jirani wa kuvuja. Kiwango cha chini ambacho ES 3.0 inahakikisha ni tabaka 256. Una vigae vingapi vinavyotumika kweli?

#9 kijana_wa_ngara

212.

#10 sheda_ya_jioni

Basi umeingia. Usikate picha yako kuwa faili 212. Pakia picha ileile, halafu kwa kila kigae weka GL_UNPACK_ROW_LENGTH kuwa 1024, GL_UNPACK_SKIP_PIXELS na GL_UNPACK_SKIP_ROWS kulingana na nafasi yake, kisha glTexSubImage3D ya 16 kwa 16 kwa 1. Ukimaliza zirudishe zote kuwa 0, la sivyo tekscha inayofuata itapakiwa kwa mistari ya ajabu.

Ramani nayo iwe tekscha: R16UI (namba nzima ya biti 16), texeli (pikseli ya tekscha) moja kwa seli. 401 × 240 × baiti 2 ni baiti 192,480, haifiki hata robo ya megabaiti. Halafu chora pembe nne moja tu inayofunika kioo:

```
#version 300 es
precision highp float;
precision highp int;
uniform highp usampler2D uRamani;
uniform mediump sampler2DArray uVigae;
in vec2 vDunia; // Pikseli za dunia, y inashuka
out vec4 rangi;

void main() {
  vec2 g = vDunia / 16.0;
  vec2 upana = fwidth(vDunia);
  ivec2 seli = clamp(ivec2(floor(g)), ivec2(0),
                     textureSize(uRamani, 0) - 1);
  uint neno = texelFetch(uRamani, seli, 0).r;
  uint namba = neno & 0x1FFFu;
  if (namba == 0u) discard;

  vec2 p = fract(g) * 16.0;
  vec2 mshono = floor(p + 0.5);
  p = mshono + clamp((p - mshono) / upana, -0.5, 0.5);
  vec2 uv = p / 16.0;

  if ((neno & 0x8000u) != 0u) uv.x = 1.0 - uv.x;
  if ((neno & 0x4000u) != 0u) uv.y = 1.0 - uv.y;
  if ((neno & 0x2000u) != 0u) uv = uv.yx;
  rangi = textureLod(uVigae, vec3(uv, float(namba - 1u)), 0.0);
}
```

Hiyo mistari ya `mshono` ndiyo dawa ya herufi. Kichujio cha uVigae kibaki GL_LINEAR, lakini mchanganyiko unabanwa uwe na upana wa pikseli moja tu ya kioo. Kwa 3.2 pikseli zote zinaonekana na ukubwa sawa, hazikatwi wala hazina ukungu.

Usiondoe `highp` (usahihi wa juu) mbele ya usampler2D. Sampler2D ya kawaida ina usahihi wa msingi, lowp, lakini usampler2D na sampler2DArray hazina kabisa. Kompyuta nyingi zinanyamaza, simu inakataa kukusanya sheda.

Na vDunia iwe highp. Ramani yako ina upana wa pikseli 6,416. GPU inayofanya mediump (usahihi wa kati) kwa biti 16 ina biti 10 za desimali, kwa hiyo kati ya 4,096 na 8,192 namba zinaruka kwa 4. Upande wa kushoto wa mji utakuwa mzuri, upande wa kulia utakuwa matofali.

#11 mwanaGL

Sheda nzuri, ila tusimpe sababu ya uongo. Kioo cha 400 kwa 180 kinaonyesha vigae visivyozidi 26 kwa 13, yaani 338. Pembe 1,352 si mzigo kwa simu yoyote yenye ES 3.0. Afanye hivi kwa ajili ya mishono na kwa sababu kubadilisha seli ni glTexSubImage2D ya texeli moja, asitegemee fremu ziongezeke.

Na siku atakapotaka ramani ndogo ya kona, ambako vigae vinapunguzwa, textureLod ya 0.0 itametameta. Hapo aweke mipmapu (kigae cha 16 kina ngazi 5) na atumie textureGrad yenye dFdx(g) na dFdy(g). Asitumie texture() ya kawaida: fract inaruka kutoka 1 kwenda 0 kwenye mpaka wa seli, GPU inadhani tekscha imebanwa sana, inachukua ngazi ndogo kabisa. Mshono unarudi kupitia mlango wa nyuma. Ngazi za mipmapu zitengenezwe baada ya kupakia vigae vyote.

#12 kijana_wa_ngara

Nimeiweka. Kwanza ilikuwa nyeusi yote. Nikachezea vichujio ikaja, lakini ramani imelala mshazari, kila mstari umesogea kushoto. Barabara ya kwenda kusini inakimbilia kona.

#13 sheda_ya_jioni

Zote mbili ni mitego ya kawaida.

Weusi: kichujio cha msingi cha kupunguza kwenye GL ni GL_NEAREST_MIPMAP_LINEAR. Tekscha isiyo na mipmapu inahesabiwa haijakamilika. Za namba nzima kama R16UI hazikubali linear hata kidogo. GL_NEAREST kwa kupunguza na kwa kukuza.

Mshazari: seli 401 × baiti 2 ni 802. GL_UNPACK_ALIGNMENT ya msingi ni 4, kwa hiyo GL inadhani kila mstari una baiti 804 na inaruka seli moja zaidi kila mstari. Juu ya hapo, mstari wa mwisho unasoma baiti 478 nje ya kumbukumbu yako, siku moja itaangusha mchezo. `glPixelStorei(GL_UNPACK_ALIGNMENT, 2)` kabla ya kupakia. Ungekuwa na ramani ya 400 usingeliona kamwe.

#14 kijana_wa_ngara

Imenyooka, na mishono hakuna. Asante sana.

Baki moja: vipande vya raundabauti nilivyovizungusha ndani ya Tiled haviji. Kwenye faili naona namba kama 2684354561, na msimbo wangu unaisoma kuwa hasi.

#15 bibi_atlasi

Kwa heksadesimali hiyo ni 0xA0000001. Kigae nambari 1, kimezungushwa nyuzi 90 kulia.

Tiled inaweka alama kwenye biti za juu za namba: biti 31 ni kugeuza mlalo, 30 ni kugeuza wima, 29 ni kubadilishana x na y. Biti 28 ni ya ramani za pembesita. Kuzungusha kulia ni 31 pamoja na 29, ndiyo ile A mwanzoni mwa namba. Nyuzi 180 ni C, kushoto ni 6. Soma namba hiyo (gid) kwa uint32_t, si int, ndipo uhasi utakapoondoka.

```
uint32_t n = gid & 0x0FFFFFFF;
uint16_t neno = 0;
if (n) neno = ((gid >> 16) & 0xE000)
            | ((n - firstgid + 1) & 0x1FFF);
```

Seli yenye 0 ni tupu, usiiondolee firstgid (namba ya kigae cha kwanza cha seti). Ukiwa na seti zaidi ya moja, firstgid yako ni ile kubwa kabisa isiyozidi n.

Mpangilio ndio unaowachanganya watu. Katika kuchora, Tiled inabadilishana x na y kwanza, ndipo inageuza. Sheda inakwenda kinyumenyume, kutoka kioo kuelekea tekscha, kwa hiyo inageuza kwanza na kubadilishana mwisho. Sheda ya juu iko sahihi, usiipange upya. Ila kama kipakiaji chako cha picha kinapindua y, alama ya wima na ya kuzungusha zitatoka ovyo. Pakia mstari wa juu kwanza.

#16 mtaa_wa_pili

Samahani kuingilia, mimi natumia Godot 4 (injini ya michezo). Nina mishono hiyohiyo kwenye TileMapLayer. Nianze kuandika sheda?

#17 bibi_atlasi

Hapana, dada. Kwenye chanzo cha atlasi angalia `use_texture_padding` iwe imewashwa, inaongeza pikseli moja ya ziada kuzunguka kila kigae. Kichujio kiwe nearest, `snap_2d_transforms_to_pixel` iwashwe, MSAA ya 2D izimwe, na `display/window/stretch/scale_mode` iwe `integer`. Ikibaki, utakuwa umeweka TileMapLayer yenyewe kwenye nafasi yenye desimali au umeipa ukubwa kama 1.05.

#18 kijana_wa_ngara

Raundabauti zimekaa. Sasa kuchora: pale lami inapokutana na udongo na nyasi naweka kingo kwa mkono, na kila nikibadilisha barabara narudia yote. Seti ya vigae 47 vya kingo ndiyo njia?

#19 bibi_atlasi

47 inatokana na majirani 8, mchanganyiko 256, ukihesabu kona pale tu ambapo pande zake mbili zote zipo. Inafaa kuta na mapango. Kwa ardhi ni kazi nyingi: aina 3 za ardhi, kila moja 47, na mchoraji atakukimbia.

Tumia gridi mbili. Ramani ya data inasema tu seli ni lami au si lami. Ramani ya kuchora inasogezwa nusu kigae, pikseli 8 kila upande, kwa hiyo kila kigae kinachochorwa kinakaa juu ya makutano ya seli nne. Kona nne, ndiyo au hapana: 16. Toa kile kitupu, 15. Ukiruhusu mzunguko unachora vitano tu: kona moja, mbili za upande mmoja, mbili za mshazari, tatu, na nne. Nambari = juu kushoto × 1 + juu kulia × 2 + chini kushoto × 4 + chini kulia × 8.

Tahadhari mbili. Ramani ya kuchora ina seli 402 kwa 241, moja zaidi kila upande, na nje ya mpaka uamue ni ardhi gani; ukiacha sifuri, mji mzima utapata ukingo wa mviringo pembeni. Na usichore mchanganyiko wa aina 3 kwenye kigae kimoja, hiyo ni 3 kwa nguvu ya 4, yaani 81. Panga kwa tabaka: udongo chini umejaa kote, nyasi juu yake, lami juu ya vyote, kila moja na 15 zake. Kile cha mshazari uamue mapema kama lami inaungana au inakatika. Kwa barabara, iungane.

Migongano isome ramani ya data, si ya kuchora. Na usimpe kila seli kisanduku chake: gari likiteleza kando ya ukuta litajikwaa kwenye kona zilizofichika kati ya visanduku. Unganisha seli za mstari mmoja kuwa kisanduku kirefu, au ufuate mzingo kwa mnyororo mmoja.

#20 mwanaGL

Tabaka tatu za kujaza kioo ni fragmenti (pikseli zinazopitia sheda) 2,764,800 kwa fremu kwenye 1280 kwa 720. Tabaka la udongo limejaa kote, kwa hiyo lipewe toleo la sheda lisilo na `discard` (amri ya kutupa pikseli), na glDisable(GL_BLEND). GPU za PowerVR huondoa pikseli zilizofichwa kabla ya kuendesha sheda, lakini discard inaizuia hiyo, kwa sababu GPU haijui kama pikseli itabaki mpaka sheda iishe.

Nyasi na lami zinaweza kuingia kwenye sheda moja: soma ramani mbili, changanya mwenyewe, toa rangi moja.

#21 kijana_wa_ngara

Nimeshaona njia. Nilitaka pia madimbwi ya mvua yanayoakisi taa za matatu. Naweza kunakili kioo katikati ya fremu na glCopyTexSubImage2D?

#22 mwanaGL

Unaweza, na fremu zitaanguka. GPU za simu zinachora kioo kwa vipande vidogo ndani ya kumbukumbu yao, 16 kwa 16 kwenye Mali nyingi. Ukinakili katikati, vipande vyote vinaandikwa kwenye RAM, karibu MB 3.7, kisha vinasomwa tena ili uendelee.

Chora akisi kwanza kabisa, kabla ya kugusa fremu kuu: bafa ya 320 kwa 180, taa na magari tu, yamepinduliwa. glClear mwanzoni, na kama ina kina, glInvalidateFramebuffer ya kina mwishoni. Kisha fremu kuu, nayo glClear mwanzoni hata kama udongo unafunika kila kitu, ili GPU isirudishe fremu ya zamani kutoka RAM. Sheda ya dimbwi inasoma ile bafa ndogo.

#23 sheda_ya_jioni

Na mawimbi ya dimbwi: usiipe sheda sekunde tangu mchezo ulipoanza. Kwa mediump, kati ya 512 na 1,024 hatua ni 0.5. Baada ya dakika tisa hivi maji yataruka mara mbili kwa sekunde, na hutaliona ukijaribu kwa dakika moja mezani. Upande wa C, `fmod(muda, kipindi)` kwa double, kipindi kiwe kizidisho cha muda ambao wimbi lako huchukua kujirudia ili lisikatike linapoanza upya, ndipo utume.